Mikono na Vigasha Kabla ya Swingi ya Gofu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamlenga mchezaji anayepiga kwa upande wa kulia, yaani ambaye shabaha iko kushoto kwake anapoinamia mpira. Anayepiga kwa upande wa kushoto ageuze kulia na kushoto kila yanapotajwa, na swali la mwisho ni lake. Kiwiko hapa ni kiungo cha katikati ya mkono, ambacho wengine hukiita kisugudi. Kifundo ni pale mkono unapoungana na kiganja.

## Mambo ya msingi

Kigasha ni sehemu gani, na kwa nini kishughulikiwe wakati mpira bado haujapigwa?

Kigasha ni sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo. Ndani yake mna mifupa miwili inayopishana, na kwa sababu hiyo unaweza kugeuza kiganja juu kama anayepokea kitu, au chini kama anayefunika chungu, bila kulisogeza bega. Mgeuko huohuo ndio unaofungua (kuugeuza kulia) na kufunga (kuugeuza kushoto) uso wa fimbo, yaani bapa linaloupiga mpira, na uso wa fimbo ndio wenye sauti kubwa kuliko kitu kingine chochote katika kuamua mpira utaanza safari yake kuelekea wapi.

Kuteremka kwa fimbo kutoka juu hadi mpirani huchukua takriban robo ya sekunde, muda usiomtosha mtu kugundua kosa na kulisahihisha. Kilichowekwa vibaya ukiwa umesimama tuli kitarudi vilevile, au kitafidiwa kwa kosa la pili ambalo siku nyingine halitatokea.

Nianze na nini: miguu, mikono au uso wa fimbo?

Anza na uso wa fimbo. Tua fimbo nyuma ya mpira, ukingo wake wa chini ukiukata mstari wa shabaha kwa pembe mraba, kisha shika mpini, na miguu ijipange mwisho. Wengi wetu hufanya kinyume: tunaushika mpini tukiwa bado tunazungumza, tunausogelea mpira, tunagundua kwamba uso unatazama pembeni, halafu tunauzungusha kwa vifundo hadi upendeze machoni. Kwa mtazamaji kila kitu kimekaa sawa, lakini vigasha vimekwisha kusokotwa, na vitajisokotoa vyenyewe mara fimbo itakaposhuka kwa kasi.

Mikono iwe umbali gani kutoka mwilini?

Usianze kwa kupima. Anza kwa kuning'iniza. Simama wima, pinda kwenye nyonga huku mgongo ukibaki umenyooka, legeza magoti kidogo, kisha iache mikono ianguke kutoka mabegani kama mikono ya shati lililoanikwa. Pale viganja vinapokutana ndipo penye makao ya mpini. Kwa fimbo fupi, nafasi kati ya mwisho wa mpini na paja hutosha ngumi moja. Kwa draiva, fimbo ya kupigia mbali, ambayo ni ndefu na shafti yake (ufito wa fimbo) imelala zaidi, nafasi hiyo hukaribia shubiri, na mikono husogea mbele kidogo ya mstari wa wima unaoshuka kutoka mabegani.

Anayeinyoosha mikono mbali huhamisha uzito kwenye vidole vya miguu na huanza kuyumba kabla hata ya kupiga, na anayeibana tumboni hukosa njia ya kuipitisha wakati wa kushuka, hivyo huisukuma nje.

Mikono iwe juu au chini?

Fimbo yenyewe ina maoni juu ya jambo hili. Shafti ya draiva huunda na ardhi pembe ya takriban nyuzi 58 hadi 60, na ya weji, fimbo fupi ya kuinulia mpira, huwa karibu nyuzi 64, kwa hiyo soli (upande wa chini wa kichwa cha fimbo) ikitua inavyotakiwa, kimo cha mikono kimekwisha kuamuliwa. Ukishusha mikono mno, ncha ya fimbo (upande wa kichwa ulio mbali nawe) huinuka na uso hutazama kushoto; ukiinua mno, kisigino cha fimbo (upande ulio karibu na shafti) huinuka na uso hutazama kulia. Kosa hilo huonekana zaidi kwa fimbo ambazo uso wake umelala sana, ndiyo maana mtu anaweza kupiga fimbo namba 4 vizuri (namba ikiwa ndogo, uso huwa umesimama zaidi) huku weji zake zote zikikosa upande mmoja.

Ncha ikiinuka kiasi cha sarafu kupita chini yake, usiogope. Wakati wa kugonga mikono huwa juu kuliko ilivyoanzia, na shafti hujipinda kuelekea chini, basi soli hujisawazisha. Ikiwa ncha inainuka zaidi ya hapo hata mikono inaponing'inia vyema, tatizo ni la fimbo, na fundi wa fimbo anaweza kuipinda nyuzi moja au mbili.

## Ushikaji wa mpini

Mpini ukae kwenye vidole au kwenye kiganja?

Kwa mkono wa kushoto, mpini ukate kwa mshazari kutoka kwenye shina la kidole cha mwisho hadi kwenye kiungo cha katikati cha kidole cha shahada, kisha ile nyama nene iliyo chini ya kidole cha mwisho ifunike juu ya mpini. Acha sentimita moja au mbili za mpini zionekane nyuma ya mkono. Kwa mkono wa kulia, mpini ukae kwenye vidole zaidi, na kiganja kilifunike gumba la kushoto.

Glavu ya zamani ni shahidi mzuri. Ichukue uitazame chini ya mwanga: ikiwa imechakaa hadi kutoboka karibu na kifundo, kwenye ile nyama nene, mpini unakaa ndani ya kiganja mno na unasugua kila unapopiga. Glavu ya anayeshika vyema huchakaa polepole, bila tundu la mahali pamoja.

Nione nundu ngapi za vidole vya mkono wa kushoto?

Jibu la mazoea ni mbili, au mbili na nusu, huku mfereji kati ya gumba na kidole cha shahada ukielekea mahali fulani kati ya kidevu na bega la kulia. Ukiona tatu au nne, mkono umegeukia kulia, na kwa kawaida hilo huufunga uso wakati wa kugonga. Ukiona moja tu, kinyume chake.

Hata hivyo, jibu hilo ni la wastani, na wewe si wastani. Rudi kwenye mning'inio ulioelezwa katika swali la umbali wa mikono, safari hii bila fimbo, na utazame mgongo wa kiganja chako cha kushoto mkono ukiwa umelegea kabisa. Baadhi ya watu wataona nundu moja na nusu, wengine tatu, kwa sababu mabega na viwiko havikuumbwa kwa kalibu moja. Namba utakayoiona ndiyo pa kuanzia, kwani fimbo inapozunguka kwa kasi huivuta mikono kuelekea nje na kuinyoosha, na kigasha kikivutwa hivyo huelekea kurudi kwenye hali yake ya asili. Ukiushika mpini ukiwa umekigeuza mbali na hali hiyo, uso utageuka pamoja nacho kinaporejea. Nafikiri jaribio hili dogo lina faida kuliko picha zote za ushikaji zinazochapishwa, maana picha huonyesha kigasha cha mtu mwingine.

Vidole vya mikono miwili viunganishwe vipi?

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni kulaza kidole cha mwisho cha kulia juu ya nafasi kati ya kidole cha shahada na cha kati cha kushoto. Inabeba jina la Harry Vardon, aliyeshinda Open, mashindano makuu ya Uingereza, mara sita kati ya 1896 na 1914, ingawa hakuwa wa kwanza kuitumia. Ya pili ni kukifuma kidole cha mwisho cha kulia na cha shahada cha kushoto, kama wafanyavyo mabingwa Jack Nicklaus na Tiger Woods. Ya tatu ni kuvipanga vidole vyote kumi juu ya mpini, nayo huwafaa wenye viganja vidogo au viungo vyenye maumivu. Uchaguzi huu hauna uzito mkubwa unaodhaniwa. Mgeuko wa mikono una uzito zaidi.

Nikaze kiasi gani?

Kiasi cha kuizuia fimbo isicheze mkononi. Mgandamizo utoke kwenye vidole vitatu vya mwisho vya kushoto na viwili vya kati vya kulia. Magumba na vidole vya shahada vitulie. Kipimo si kiganja bali kigasha: ukiitazama misuli iliyo karibu na kiwiko ukaiona imetuna kabla ya kuanza, umekaza mno.

## Vigasha na viwiko

Nikitazamwa kutoka nyuma ya mstari wa shabaha, vigasha vyangu vionekaneje?

Hili ndilo kosa ambalo mtu halioni mwenyewe, na kwa maoni yangu ndilo linaloharibu swingi nyingi zaidi kabla hazijaanza.

Mkono wa kulia hushika chini ya ule wa kushoto. Ili ufike huko, lazima kitu kimoja kati ya viwili kitokee: ama bega la kulia lishuke kidogo, uti wa mgongo ukiinama nyuzi chache mbali na shabaha, ama bega hilo lisogee mbele kuelekea mpira. Mwili huchagua la pili kwa sababu ni rahisi. Bega likishasogea mbele, kigasha cha kulia hupanda juu ya cha kushoto, mabega yote hutazama kushoto ya shabaha, na fimbo hushuka kutoka nje kuja ndani. Mchezaji huona mpira ukipinda kulia, hudhani analenga kulia mno, kisha hugeuka kushoto zaidi, na mpira nao huzidi kupinda.

Nilicheza hivyo kwa muda mrefu. Nilikuwa nimepanga miguu kwa uangalifu, vidole vya viatu vikiigusa kamba niliyoilaza chini, na bado mipira ilikuwa ikikimbilia upande mmoja. Siku moja mwenzangu wa mazoezi alichukua kijiti kilichonyooka akakilaza juu ya vigasha vyangu viwili, karibu na viwiko, akaniambia nisitikisike, nigeuze shingo tu. Kijiti hakikuwa sambamba na kamba. Kilikuwa kinaelekea kushoto kabisa, kama mkono wa saa uliopita alama. Miguu ilikuwa inalenga bendera, na vigasha vilikuwa vinalenga mti wa pembeni.

Marekebisho ni madogo. Shika mpini kwa mkono wa kushoto pekee, jipange, kisha uulete mkono wa kulia kutokea chini na pembeni, kama anayetaka kusalimiana na mpini, huku bega la kulia likishuka badala ya kusogea mbele. Kiwiko cha kulia kilegee na kielekee nyonga ya kulia. Anayekutazama kutoka nyuma ya mstari sasa ataona ukanda mwembamba wa kigasha cha kushoto ukitokeza juu ya kile cha kulia, au vyote viwili katika usawa mmoja.

Mashimo ya viwiko yaelekee wapi?

Shimo la kiwiko ni ule mkunjo wa ndani ambapo daktari hutafuta mshipa wa kutoa damu. Bingwa wa zamani Ben Hogan alifundisha kwamba mashimo yote mawili yaelekee juu, na viwiko vyenyewe vielekee mifupa ya nyonga, ili mikono miwili ifanye kazi kama mmoja. Kwa mkono wa kulia shauri hilo ni zuri karibu kwa kila mtu. Kwa mkono wa kushoto nina shaka kidogo: wapo ambao wakilazimisha shimo la kushoto kuelekea juu, bega hukakamaa na shingo hukaza. Ikiwa lako linatazama mbele, kati ya mbingu na kiwiko cha pili, nawe huhisi mkazo, liache.

Jambo muhimu ni kutenganisha mgeuko wa kiwiko na ule wa kiganja. Unaweza kugeuza kiwiko huku kiganja kikibaki palepale kwenye mpini. Jaribu polepole: ukiona uso wa fimbo unageuka pamoja na kiwiko, umegeuza kigasha chote.

Je, mikono inyooke kabisa?

Wa kushoto unyooke bila kufungwa, kama kamba iliyovutwa na uzito mdogo. Wa kulia ulegee kidogo kwenye kiwiko. Ukinyooka kabisa wa kulia, kosa la kigasha kupanda hurudi mara moja.

Kwa kuwa mikono huutangulia mpira wakati wa kugonga, kwa nini nisianze hivyo?

Kwa sababu wakati wa kugonga nyonga zimekwisha kugeukia shabaha, uzito umehamia mguu wa kushoto na mikono imepanda. Ukiiga mahali pa mikono bila kuiga mwili, bega la kulia litavutwa mbele, nawe umekwisha kusoma yatakayofuata. Kwa fimbo za kati, mwisho wa mpini uelekee upande wa ndani wa paja la kushoto. Yaani mikono itangulie kwa upana wa vidole viwili hivi. Zaidi ya hapo fimbo hupoteza ulalo wake, na namba 7 huanza kuruka chini kama namba 5.

## Fimbo na mahali

Kwa draiva kuna tofauti gani?

Mpira upo kwenye tii (kijiti kidogo cha kuuinulia) karibu na kisigino cha kushoto, na unataka kuupiga fimbo ikianza kupanda. Kwa hiyo mwisho wa mpini uelekee kitovu au pembeni kidogo tu, na bega la kulia lishuke zaidi kuliko kwa fimbo nyingine. Wengi husukuma mikono mbele kwa mazoea ya fimbo za chuma, kisha hushangaa kwa nini mpira unaruka chini.

Nikiwa mchangani?

Fungua uso kwanza, ndipo ushike. Ukishika kwanza halafu ukageuza vigasha ili uso ufunguke, vitarejea mahali pake na ukingo wa fimbo utachimba. Mikono ishuke kidogo na isitangulie mpira.

Mpira ukiwa juu au chini ya miguu?

Ukiwa juu, shika chini kwenye mpini na simama wima zaidi; mikono itakuwa mbali kidogo na mapaja, na mpira utaelekea kushoto, basi lenga kulia. Ukiwa chini, shika mwishoni mwa mpini, pinda zaidi kwenye nyonga na magoti, na utarajie mpira uende kulia. Sababu ni ileile iliyo kwenye swali la mikono kuwa juu au chini.

Kwenye grini, pale penye nyasi fupi na shimo, vigasha vikaeje?

Hapa hali ni tofauti, kwa kuwa huhitaji nguvu wala mgeuko. Mpini hupita kwenye kiganja zaidi kuliko kwenye vidole, mikono hupanda, na ukitazamwa kutoka nyuma ya mstari, shafti na vigasha huunda mstari mmoja. Anayesumbuliwa na kigasha cha kulia kupanda anaweza kuuweka mkono wa kushoto chini ya wa kulia. Mabega husawazika papo hapo.

## Hali za pembeni

Vipi kuhusu wanaoanza na mikono juu, shafti ikifuata mstari wa mkono?

Moe Norman wa Kanada alijulikana kwa mtindo huo, na Bryson DeChambeau, mshindi wa US Open, mashindano makuu ya Marekani, mwaka 2020 na 2024, huanza na mikono juu kwa namna inayokaribiana nao. Hoja yao ni kwamba ikiwa mikono itapanda wakati wa kugonga, basi ianze huko. Ina mantiki, lakini hudai mpini mnene zaidi, ushikaji wa kiganjani na fimbo zilizotengenezwa kwa pembe iliyosimama. Kuichukua nusu yake na kuitumia kwa fimbo za kawaida ni kuinua visigino vya fimbo.

Mbona bingwa fulani anashika tofauti kabisa na mnavyosema?

Zach Johnson aligeuza mkono wa kushoto kulia sana na akashinda mashindano makuu ya Masters 2007 na Open 2015. Jordan Spieth yuko upande wa pili, nundu zake zikionekana chache. Kila mmoja ana mwendo wa mwili unaolipa deni la ushikaji wake, uliojengwa kwa maelfu ya mipira. Ukichukua ushikaji bila mwendo wake, unarithi deni peke yake.

Sheria zinasema nini kuhusu mikono na vigasha?

Tangu Januari 2016 hairuhusiwi kuiegemeza fimbo mwilini wakati wa kupiga, wala kukibana kigasha kwenye mwili kwa makusudi ili mkono unaoshika uwe egemeo. Fimbo kugusa kigasha chenyewe kunaruhusiwa, ndiyo sababu wanaolaza mpini mrefu wa fimbo ya grini kwenye kigasha cha kushoto hawavunji sheria. Adhabu ni mipigo miwili, au kupoteza shimo katika mchezo wa shimo kwa shimo.

Kijiti kile cha kulaza juu ya vigasha ni cha mazoezi. Usikitumie katikati ya raundi. Vilevile mpini wenye mabonde yaliyochongwa kwa ajili ya vidole haukubaliki mashindanoni. Unaoruhusiwa ni wa mviringo, na kwa fimbo zisizo za grini unaweza kuwa na ukingo mmoja ulionyooka, ulioinuka kidogo kwa urefu wote.

Kiwiko au kiganja kinauma. Je, ni ushikaji?

Inawezekana. Kukaza mno huchosha kano zinazoanzia kwenye kiwiko, upande wa ndani na wa nje pia. Mwisho wa mpini ukikaa katikati ya kiganja cha kushoto, hugandamiza mfupa mdogo ulio chini ya kidole cha mwisho, na mfupa huo huweza kuvunjika fimbo ikigonga ardhi kwa nguvu. Maumivu ya mahali hapo yasiyoisha kwa mapumziko yanahitaji daktari na picha, si glavu mpya.

Natumia mkono wa kushoto kwa kila kitu. Nipige kwa upande upi?

Hakuna anayelazimika kufuata mkono wa kuandikia. Phil Mickelson hutumia mkono wa kulia kwa mambo mengine na hupiga gofu kwa upande wa kushoto. Simama bila fimbo, fanya jaribio la mning'inio, kisha igiza swingi kwa pande zote mbili ukiwa umefumba macho. Upande ambao bega la nyuma linashuka bila kusogea mbele ndio utakaokupa kazi ndogo. Ukichagua kushoto, kigasha cha kuchunga kisipande ni cha kushoto.